Acheni kufomati chujio la samaki

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu. Kazi zilinibana. Niliahidi kuendelea na ule mfululizo wa hifadhidata, na ahadi iko palepale, lakini leo mniwie radhi. Leo nimekasirika, na mtu aliyekasirika hawezi kueleza faharasa za jedwali akaeleweka.

Nimekasirika kwa sababu ya shilingi 3,500.

Hizo ndizo pesa zilizokatwa kutoka mshahara wa mama mmoja anayefanya usafi katika ofisi fulani hapa Webuye. Ofisi sitaitaja. Niliwawekea programu ya kupokea malipo, kwa hivyo wananijua, na wakipita hapa watajijua pia. Kosa alilobandikwa mama ni kuua samaki. Samaki saba, mia tano kila mmoja. Mkubwa wa ofisi alipiga hesabu hiyo kwa kalkuleta ya simu nikiwa nimesimama mbele yake nangoja kuwekewa sahihi kwenye ankara yangu.

Yule mama hakuua samaki. Samaki waliuawa na agizo alilopewa, na aliyetoa agizo ndiye aliyekata mshahara. Najua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuua samaki kwa njia hiyohiyo, nyumbani kwangu, kwa mikono yangu. Tofauti yetu ni kwamba mimi hakuna aliyenikata chochote.

Yaliyotokea

Tangi liko pale mapokezi. Lita 120, samaki wa dhahabu tisa, makombe ya bahari ambayo mtu alikuja nayo kutoka Mombasa, na chujio la ndani lenye sponji mbili. Wateja wakisubiri zamu, watoto wao husimama pale wakigonga kioo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja yule mama ndiye aliyelitunza. Kila wiki alitoa ndoo mbili za maji, akarudisha ndoo mbili ambazo zimelala wazi usiku kucha, na sponji akaikamua kidogo ndani ya yale maji aliyotoa. Nilimuuliza, "Mayi, nani alikufundisha?" Akanijibu, "Hakuna, papa. Niliona tu wakifanyiwa hivyo hawasumbuki."

Halafu ikaja habari kwamba wageni wanatoka Nairobi Jumatatu. Mkubwa akapita mapokezi, akainama, akaona sponji ya kahawia na ute kwenye bomba. Akasema ni aibu. Kila kitu king'are.

Ijumaa jioni mama akafanya alivyoambiwa. Aliwatoa samaki wakakaa kwenye beseni. Alimwaga maji yote. Changarawe akaichemsha jikoni. Sponji moja akaitupa na kuweka mpya, ya pili akailoweka kwenye dawa ya klorini ya kufulia, kisha akaisuuza kwa maji ya mfereji mpaka harufu ikaisha kabisa. Kioo alikisugua. Makombe pia. Akajaza maji aliyokuwa ameyalaza kwenye ndoo na mabeseni tangu Alhamisi, akawarudisha samaki. Tangi liling'aa kama la dukani. Wageni walilisifu.

Jumanne asubuhi samaki wawili walikuwa wanaelea. Kufikia Jumatano jioni walikuwa saba.

Hukumu ilitoka palepale: "Alitia sabuni." Hakuna aliyeuliza swali la pili.

Tusome logi kwanza

Mimi ni mtu wa programu. Seva ikianguka, sianzi kwa kumshika aliyeigusa mwisho. Naanza kwa kuuliza ilianguka saa ngapi na kabla ya hapo ilikuwa inafanya nini. Kwa hivyo niliuliza watu na kuandika:

- Ijumaa saa kumi na mbili jioni: usafi umekwisha, samaki wamerudishwa.
- Jumamosi: askari anasema wanaogelea na wanakula. Aliwapa chakula mara mbili.
- Jumapili: hivyohivyo.
- Jumatatu: binti wa mapokezi anasema walikuwa juu ya maji siku nzima, wakifungua na kufunga midomo. Mgeni mmoja alisema wanamsalimia.
- Jumanne: wamekufa wawili.
- Jumatano: wamekufa watano.

Sasa hebu itazameni hiyo orodha kama mnavyotazama logi. Samaki akitiwa kwenye maji yenye sabuni au klorini nyingi haumalizi wikendi akila chakula mara mbili kwa siku. Sabuni na klorini hushambulia mashavu yake, pale anapopumulia, na mambo huharibika mapema, mara nyingi siku hiyohiyo. Hawa walikaa vizuri siku mbili, wakaanza kutweta siku ya tatu, wakafa ya nne na ya tano. Hiyo si sumu iliyotiwa mara moja. Ni kitu kilichokuwa kikijaa polepole. Kwa lugha ya kazi yetu, ni programu inayovuja kumbukumbu: ukiiwasha inakwenda, kesho inakwenda, keshokutwa mashine inaganda.

Jumatano mchana nilirudi na kijisanduku changu cha vipimo. Amonia: rangi ilifika mwisho wa kadi, miligramu 8 kwa lita, na kadi haiendi mbele ya hapo. Inayotakiwa ni sifuri. Nitraiti: sifuri. Nitreti: karibu sifuri. Pieichi: 8.2, na kwa hilo nashuku yale makombe ya Mombasa.

Nikamwonyesha mkubwa. Akasema, "Amonia ni kemikali. Si ndiyo hiyo, alitia kemikali."

Amonia ilitoka wapi

Ilitoka kwa samaki wenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, saa zote, kama wewe unavyotoa hewa chafu. Chakula kilichobaki kikioza nacho hutoa amonia. Mtoni amonia hiyo husombwa na maji. Mto Nzoia unaopita hapa chini kwetu haukai ukingoje mtu akamue sponji. Lakini tangi la lita 120 ni chumba kilichofungwa, na kinachotolewa humo kinabaki humo.

Kinachowaokoa samaki ni bakteria. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kwa sababu huiharibu damu isibebe oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Haya si mambo ya kubahatisha. Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, aliwatenga bakteria wa namna hii mwaka 1890. Kwa miaka mingi vitabu vya samaki vilisema kazi ya pili hufanywa na Nitrobacter. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi wanaoifanya ni jamaa wa Nitrospira. Na mwaka 2015 watafiti wakagundua kuwa kuna Nitrospira wanaoweza kuifanya kazi yote miwili peke yao. Sampuli mojawapo iliyoleta ugunduzi huo ilitoka wapi? Kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki, huko Uholanzi. Yaani ule ute ambao mkubwa wetu aliuona ni aibu, wenzetu waliupeleka maabara.

Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Wanashika kwenye kitu: changarawe, kioo, bomba, na zaidi ya kote kwenye sponji, kwa sababu humo ndimo maji yenye oksijeni yanamopita kwa wingi. Wanatengeneza utando wa ute na kuishi ndani yake. Rangi ya kahawia, utelezi, ile harufu ya udongo baada ya mvua, ndizo dalili za tangi linalofanya kazi.

Na wanazaana polepole. Bakteria wa kawaida, kama wale wa tumboni, wakipata mazingira mazuri wanaweza kugawanyika kila dakika 20. Hawa wetu huchukua saa nyingi, mara nyingi siku nzima au zaidi. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji kama wiki nne hadi sita kabla halijawa salama. Ukiwaua wote Ijumaa jioni, Jumatatu hawajarudi.

Sasa rudini kwenye vipimo vyangu. Amonia juu kabisa, nitraiti sifuri, nitreti karibu sifuri. Maana yake ni kwamba amonia ilikuwa inaingia na hakuna mfanyakazi hata mmoja wa kuipokea. Chujio lilikuwa linazunguka, pampu inanguruma, maji yanapita, sponji ni safi kabisa, na kazi inayofanyika ni sufuri.

Kingine: maji yale yalikuwa maangavu. Sisi wa Webuye tumezoea kuukamata uchafu kwa pua. Tangu kiwanda cha karatasi kilipoanza kazi miaka ya 1970 mpaka kilipofungwa mwaka 2009, msafiri wa barabara ya Malaba aliweza kujua amefika kwetu akiwa amefumba macho. Basi tumefikiri kila kibaya kitanuka au kitaonekana. Amonia ya kiasi cha kuua samaki haionekani, na pua haikuambii kitu.

Kufomati

Mnawajua wale mafundi wa kompyuta ambao dawa yao ni moja. Mashine imekuwa nzito? Tufomati. Printa haisomeki? Tufomati. Mtu analetewa mashine yenye miaka mitano ya kazi ya shule ya mtoto, yeye anaona tu vumbi na faili zisizopangika, anafomati, anaweka kila kitu upya, na mashine inawaka haraka mno. Mteja anashukuru na kulipa. Akifika nyumbani ndipo anauliza, "Na zile barua zangu?"

Kuchemsha changarawe, kutupa sponji na kuloweka iliyobaki kwenye klorini ni kufomati. Kila kitu kinang'aa, na ulichokuwa umekitunza mwaka mzima hakipo.

Hata sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huu. Mwezi Aprili 2000 Joel Spolsky aliandika makala ambayo wengi wetu tumeisoma, akiwashangaa Netscape kwa kutupa msimbo wao na kuanza upya. Hoja yake ilikuwa kwamba ule msimbo wa zamani unaoonekana mchafu umejaa marekebisho ya hitilafu ambazo watu waliziona kwa taabu. Mtu mpya anaona uchafu kwa sababu hakuwepo siku ya taabu. Ndivyo ilivyo kwa sponji. Mkubwa hakuwepo zile wiki sita za mwanzo.

Na msiniambie hii ni falsafa ya mtu wa kompyuta. Nendeni Manchester, mwaka 1914. Edward Ardern na William Lockett walikuwa wanapuliza hewa kwenye majitaka ili yasafike. Mara ya kwanza iliwachukua kama wiki tano mpaka amonia ikaisha. Halafu wakafanya kitu ambacho mkubwa wetu angewafukuza kazi kwa ajili yake: walimwaga maji yaliyosafika, wakaliacha tope chini, wakatia majitaka mengine juu ya tope lilelile. Safari hii muda ukapungua. Wakarudia tena na tena, tope wakilibakiza, mpaka kazi ya wiki tano ikawa inakwisha ndani ya siku moja. Miji mingi mikubwa ya dunia husafisha majitaka yake kwa njia hiyo hadi leo. Siri yake ni kutolitupa tope la jana.

Nanyi mnaijua siri hiyo bila Manchester. Anayegandisha maziwa nyumbani hubakiza kidogo ya jana ili yaanzishe ya leo.

Na hawa wauza sponji

Kuna mwingine wa kulaumiwa, naye yuko mbali na mshahara wake haukatwi. Fungueni boksi la chujio dogo la siku hizi. Ndani kuna kijikaratasi, na mara nyingi kimeandikwa: badilisha kichujio kila baada ya wiki nne. Si kuosha. Kubadilisha. Unatoa kifurushi kizima, chenye sponji na mkaa ndani, unakitupa na bakteria wake wote, unanunua kingine.

Mnaujua mtindo huu. Ni ule wa printa ya bei rahisi na wino wa bei ghali. Kifaa wanakupa karibu bure kwa sababu faida iko kwenye kitu utakachonunua kila mwezi mpaka ufe. Tofauti ni kwamba wino ukiisha huchapishi tu, lakini hapa ukifuata kijikaratasi unaweza kujikuta umeanzisha tangi upya kila mwezi, kisha unarudi dukani kununua samaki wengine, na chupa ya bakteria wa kuwekea badala ya wale uliowatupa.

Ukweli ni kwamba sponji nzuri hudumu miaka. Inabadilishwa inapoanza kubomoka au isiporudi umbo lake ukiikamua. Mkaa ndio unaochoka, na tangi la kawaida linaweza kuishi bila mkaa. Ukiuhitaji, kwa mfano kuondoa dawa majini baada ya kutibu samaki, badilisha mkaa peke yake na sponji iache.

Mtaniuliza

"Kwa hiyo chujio lisioshwe kamwe?" Hapana, sijasema hivyo, na mkubwa naye alijaribu kuniwekea maneno hayo mdomoni. Sponji iliyoziba ni mbaya. Maji hayapiti, oksijeni haifiki ndani, bakteria tunaowataka wanakufa, na matope yaliyokwama yanaoza na kuongeza amonia. Lazima ioshwe. Ninalopinga ni kuiosha mpaka iwe mpya.

Hili la oksijeni lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa wanaoandika vitabu huko pwani za Ulaya. Webuye iko kama mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na maji ya joto lilelile hubeba oksijeni pungufu ya yale ya Mombasa kwa takriban moja ya sita. Walioko Kitale, juu zaidi, wana pungufu zaidi. Kwa hivyo elekezeni mdomo wa chujio utikise uso wa maji. Msiufiche ndani kabisa kwa sababu kelele zinawaudhi.

"Mbona mimi naosha kwa mfereji kila wiki na samaki wangu wazima?" Inawezekana, na sitakuita mwongo. Labda maji yako ni ya kisima au ya mvua, hayana klorini. Labda klorini inayofika kwako ni kidogo. Maji ya mfereji yanatakiwa yawe nayo yakifika bombani, angalau miligramu 0.2 kwa lita kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ili mimi na wewe tusipate kipindupindu. Labda changarawe yako huiguzi, na bakteria wa mle wanakubeba, au una samaki wawili kwenye tangi kubwa. Hiyo inaitwa "kwenye mashine yangu inafanya kazi". Nawe unajua sentensi hiyo imeangusha mifumo mingapi.

"Ni samaki tu, kwa nini kelele zote?" Wa kwanza kuniambia hivyo alikuwa mkubwa mwenyewe. Nikamjibu, kama ni samaki tu, mrudishie mama 3,500 zake. Akanyamaza. Na hata samaki si "tu". Sangara alipopandikizwa katika Ziwa Viktoria kuanzia miaka ya 1950, aina nyingi sana za furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, zilitoweka kufikia miaka ya 1980. Baadhi hazikuonekana tena ziwani, zikabaki hai kwenye matangi ya watu na taasisi za Ulaya na Marekani. Kwa miaka hiyo yote, kilichosimama kati ya aina nzima ya samaki na kutoweka ni mtu mwenye ndoo aliyejua jinsi ya kukamua sponji.

Jinsi ya kuosha

Chapisheni hii mbandike karibu na tangi.

1. Chomoa stima. Si kuzima tu, chomoa.
2. Teka ndoo ya maji kutoka ndani ya tangi. Hayo ndiyo maji ya kuoshea.
3. Toa sponji moja tu. Kama ziko mbili, ya pili isubiri wiki mbili au tatu. Kama ni moja, ikamue kidogo kuliko unavyotamani.
4. Ikamue ndani ya ndoo mara mbili au tatu. Ikibaki ya kahawia ni sawa. Unachotaka ni maji yapite.
5. Toa kile kipanga cha pampu chenye sumaku, kisugue na nyumba yake kwa mswaki wa zamani. Hapa unaweza kusugua unavyotaka. Mara nyingi chujio linalosemwa "limekufa" lina uchafu au nywele hapo tu.
6. Rudisha kabla sponji haijakauka.
7. Siku hiyo usioshe changarawe, usisugue kioo chote, wala usibadilishe maji zaidi ya robo. Kitu kimoja kwa wakati, kama kwenye seva. Kikiharibika utajua ni kipi.
8. Maji mapya ya mfereji yalale wazi siku nzima, au yatie dawa ya kuondoa klorini. Kuyalaza huondoa klorini ya kawaida. Kloramini haiondoki kwa kulaza, inahitaji dawa.
9. Siku mbili zinazofuata punguza chakula.
10. Sabuni, kamwe. Hili mkubwa alilipata.

Na kwa kuwa tuko Kenya: stima ikipotea kwa saa nyingi, bakteria waliofungiwa ndani ya chujio wanamaliza oksijeni na kuanza kufa. Chujio likiwaka lenyewe usiku, linatema maji mabovu yote kwenye tangi. Hatari ni kubwa zaidi kwa yale machujio ya mkebe yanayokaa nje ya tangi. Stima ikichelewa, fungua chujio, toa sponji, iache ielee tangini. Kabla ya kuwasha, mwaga maji yaliyokwama ndani. Na kama unatumia pampu ya hewa, iweke juu kuliko uso wa maji, la sivyo stima ikikatika maji yatarudi kwa mrija na kukufuata mpaka kwenye soketi.

Wale wawili waliobaki

Jumatano ile jioni nilikwenda nyumbani, nikatoa sponji chafu kutoka tangi langu ambalo samaki wake ni wazima, nikaitia kwenye ndoo yenye maji ya tangi, nikapanda bodaboda nimeipakata. Nikaiweka kwenye chujio la ofisi. Tukatoa nusu ya maji na kutia yaliyolala, kisha tukafanya hivyo kila siku, mimi na yule mama, yeye akiwa tayari amekatwa pesa. Makombe tuliyatoa. Siku ya tano amonia ilikuwa haisomeki. Samaki wawili wako hai mpaka leo.

Basi angalieni. Mama alipotoa uchafu, samaki walikufa. Tuliporudisha uchafu, waliobaki walipona. Sijui ushahidi mwingine wa kuleta ni upi.

Nilipopeleka maelezo haya ofisini kwa maandishi, nilijibiwa kwamba suala limeshafungwa kwenye hesabu za mwezi. Mimi ndiye niliyewawekea mfumo huo wa hesabu. Najua kabisa kwamba mwezi uliofungwa unaweza kufanyiwa marekebisho, kwa sababu kitufe chake nilikitengeneza mimi. Kinaitwa "Rekebisha". Kiko upande wa kulia, chini.

Ninachotaka ni vitu viwili. Kwanza, mama arudishiwe 3,500 na aambiwe kwamba hakukosa, aambiwe mbele ya wale waliosikia akiitwa mwuaji wa samaki. Pili, tangi lirudi mikononi mwake, na mtu yeyote mwenye cheo akiona sponji ya kahawia apite aende zake.

Wengine wenu mna wafanyakazi majumbani na maofisini. Mnatoa maagizo ya usafi kuhusu vitu msivyovishika. Kabla ya kusema "king'are", muulize anayekishika kila wiki kwa nini amekiacha vile. Huenda ana sababu, hata kama hana jina lake la kitaalamu.

Wiki ijayo nitarudi kwenye hifadhidata, Mungu akipenda.

Nyongeza, Jumapili: Nimepigiwa simu. Pesa zitarudishwa mwisho wa mwezi, "kwa nia njema". Neno la kusema hakukosa bado halijatamkwa. Nitawajulisha.